Upande wa Kulia wa Benchi

Heilwig Brodersen alijua nusu tu ya kila muziki aliowahi kuupiga. Nusu ya chini. Mwombe Ngazi, mwombe Harusi ya Jirani, mwombe kile kirefu ambacho yeye na mumewe walikiita Mvua ya Jumatatu, atakupigia besi yake yote bila kutazama karatasi. Nawe utakaa pale unasikiliza bum-cha-cha, bum-cha-cha, unajiuliza wimbo wenyewe uko wapi. Wimbo ulikuwa kwa Detlev. Na Detlev alikuwa amelala nyuma ya kanisa la Tönning tangu Februari ya mwaka uliopita.

Ndivyo walivyopiga maisha yao yote ya ndoa: piano moja, benchi moja, mikono minne. Heilwig kushoto na besi na pedali, Detlev kulia na wimbo. Usije ukadhani Detlev alipewa wimbo kwa sababu alikuwa hodari. Wapi! Detlev alikuwa daktari wa mifugo, mwenye mikono ya kuvuta ndama kutoka tumboni mwa mama yake, na vidole vyake vikifika kwenye piano vilibonyeza vitufe viwili viwili. Alipewa wimbo kwa sababu hakuweza kuhesabu mapigo hata umfunge kamba. Heilwig alikuwa mwalimu wa hesabu, na anayekaa kwenye besi ndiye anayeshika mapigo. Basi mwenye kuhesabu akahesabu, mwenye kuimba akaimba, na mambo yakaenda.

Kila mwaka, matofaa yakishachumwa, walichagua vipande vya kupiga Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kuelekea Krismasi, siku ambayo majirani walijazana sebuleni kwao kula keki ya siagi na kusikiliza. Katika kuchagua, Detlev alikuwa na kanuni yake. Alishika kitabu cha nota mkono umenyooka, akafumba jicho moja, akapima weusi wa ukurasa.

"Huu mweusi mno, Heili. Rudisha."

"Hujausoma hata mstari mmoja!"

"Ng'ombe mwenye mimba nikimwona ng'ambo ya shamba namjua, sembuse ukurasa. Rudisha."

Ngazi iliwapata kwa hila. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa mweupe, nota mojamoja, kama kondoo waliotawanyika juu ya tuta la kuzuia bahari. Detlev akafungua mikono: hiki ndicho chetu! Wakakifanyia mazoezi wiki nzima, wakakipenda, wakafunua ukurasa wa pili. Mungu wangu. Weusi mtupu. Upande wa juu ulianzia katikati ya piano, mkono wa kushoto ukatangulia, wa kulia ukapokea, ukapanda mbio mbio mpaka vitufe vikaisha. Kukirudisha haikuwezekana tena, maana walishakipa jina.

Detlev alifika chini ya ile ngazi akasimama. Akavuta pumzi kwa pua, fff, kama mtu anayetaka kujitosa kwenye maji baridi ya Machi. Ndipo akapanda, akijikwaa, akiruka vidato, akitukana kimoyomoyo. Na Heilwig akajifunza kumngoja. Aliacha mguu kwenye pedali na kidole gumba cha kulia kwenye nota yake ya mwisho, sauti ikaning'inia, na Detlev akaegesha kidole chake kidogo cha kushoto juu ya kidole gumba cha mkewe. Kikakaa hapo, kizito, chenye joto, mpaka ile fff. Kila mara. Mke gani angeendelea kuhesabu amwache mumewe chini ya ngazi peke yake?

Mwaka ule wa kwanza kimya kilirefuka mpaka watu wakaanza kukohoa. Tomma Asmussen, jirani wa nyumba ya pili, mwanamke asiyeweza kuuweka mdomo wake mfukoni, akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake karibu na keki: "Haya, Detlev!" Watu wakaangua kicheko, Detlev akapanda. Tangu hapo ikawa desturi. Ngazi ilipigwa mwisho, watu wote wakajua mahali penyewe, wakasogea mbele kwenye viti, na Tomma akasema neno lake. Watoto wa mtaa huo waliozaliwa baadaye walidhani ndivyo kipande kilivyotungwa.

Majilio yaliyofuata mazishi, Heilwig alifunga nyumba akaenda kwa binti yake Wiebke huko Hamburg, akala bata asiyekuwa na ladha, akarudi.

Sasa ilikuwa tena majira ya matofaa. Wiebke alipiga simu.

"Mama, kwani lazima muwe wawili? Vipo vipande vya mtu mmoja. Vimejaa tele!"

"Najua vipo."

"Basi?"

"Basi nini? Nitajaribu. Usinichoshe."

Akajaribu kweli. Alivuta vitabu kabatini, akachagua kipande cha polepole, cha wanafunzi, kisichomtisha mtu. Lakini mkono wake wa kulia, uliozoea miaka yote kukaa katikati ya piano na kuunga mkono maneno ya mwingine, ulipoambiwa sasa uimbe wenyewe uliona haya. Ulinong'ona. Heilwig akaukaripia, ukanong'ona zaidi. Na alipofika mwisho wa ukurasa aliinama kushoto kidogo, kama kawaida yake, kumpisha Detlev anyooshe mkono afunue. Akakaa ameinama hivyo. Ukurasa haukufunuliwa. Alifunga kitabu, akaenda kusimama dirishani, akaitazama mvua.

Hakutaka vipande vya mtu mmoja. Tuseme ukweli, hata muziki wenyewe hakuutaka sana. Alitaka kitu kimoja tu: kufika chini ya ile ngazi na kungoja. Aliamini, mwalimu mzima wa hesabu, kwamba Detlev hakuisha yote. Kwamba amebaki kidogo katika kimya kile, pale kati ya nota ya mwisho ya besi na nota ya kwanza ya kupanda. Alishajaribu kukifikia peke yake. Akapiga besi, akafika, akangoja. Hakikuwa kimya kile. Bila wimbo kutangulia, kilikuwa tu kimya cha mwanamke aliyeacha kupiga piano. Alihitaji mtu wa kukaa kulia.

Mchungaji akamletea jaji mstaafu aliyejua piano.

Bwana Ansgar Thiessen alikuja Alhamisi saa tisa alasiri kamili, mrefu, mwembamba, kola imenyooshwa, na kitambaa cha kufutia vidole. Alikaa kulia, akajisogeza mbali kwa adabu, na benchi likabaki na nafasi katikati. Hapo ndipo Heilwig alipotambua kwamba miaka yote alikuwa amekaa nusu tako. Detlev alikula theluthi mbili za benchi na kuegemea kwenye ile iliyobaki. Sasa nafasi ilikuwepo, na hakujua aifanyie nini.

"Bi Brodersen, tuanze na kipi?"

"Chagua wewe, Bwana Thiessen. Wewe ndiye mgeni."

Jaji hakupima weusi. Alivaa miwani akasoma kipande chote kuanzia juu mpaka chini, midomo ikimchezacheza, kisha akatoa hukumu: hiki kina maana, hiki ni porojo, hiki mtunzi alikuwa na haraka ya kulipwa. Na alipopiga, alipiga alichokiona. Safi, kila nota mahali pake, hakuna kilichorukwa. Walipiga Harusi ya Jirani, na Heilwig akasikia kwa mara ya kwanza kwamba katikati yake mna wimbo mzuri wa huzuni ambao Detlev alikuwa akiupita kwa kelele. Ulikuwa mzuri kweli. Akaudhika siku nzima.

Alimpima hivyo kwa wiki kadhaa, kipande hiki na kile, huku Ngazi ikiwa chini kabisa ya rundo. Mara atamani kuitoa, mara aogope. Tomma alipomwona jaji akiingia kwa Alhamisi ya tatu mfululizo, alimdaka Heilwig kwenye ua.

"Kwa hiyo Majilio tunasikiliza?"

"Sijasema."

"Nimeshawaambia watu."

"Tomma! Watu gani?"

"Mtaa mzima. Ulitaka niwafiche? Nitaoka keki mimi, wewe keki yako siku hizi ni kavu." Kisha sauti ikamshuka. "Na Ngazi mtapiga, eti?"

"Tutaona," Heilwig alisema, akaingia ndani.

Alhamisi iliyofuata akaitoa chini ya rundo, akaiweka mbele ya jaji kama mtu anayeweka mtoto wake mikononi mwa mgeni.

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Tazama, ulikwenda vizuri mno. Wimbo uliingia na kutoka, besi ikaubeba, na Heilwig akausikia ule mteremko wa kuelekea mahali penyewe. Akafika. Akaacha mguu kwenye pedali, kidole gumba kwenye nota, akangoja.

Jaji hakungoja kitu. Alikuja na mkono wake wa kushoto kwa kasi ya sheria, akamgonga kidole, akateleza, akaparamia ngazi kwa vidole vilivyokosa njia. Vurugu tupu.

"Umeniacha, Bi Brodersen."

"Wewe ndiye uliyeniacha. Mimi nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

Heilwig akatazama vitufe. "Hapo pana kupumua."

"Wapi?" Jaji akasogeza pua kwenye karatasi. "Hapajaandikwa. Tena nota yako hiyo ni fupi sana, itazame, na kidole chako bado kimeikalia."

"Si kila kitu kinaandikwa."

"Miaka yangu yote mahakamani watu waliniambia maneno hayo hayo, na nikawafunga."

Angecheka siku nyingine. Wakarudia, ikawa vile vile. Wakarudia tena, Heilwig alihesabu kwa sauti, moja-mbili-tatu, akaapa moyoni kwamba safari hii atapita, na mguu na kidole vikagoma vyenyewe chini ya ile ngazi kama punda mlangoni pa zizi lake. Jaji akajisugua kidole.

"Umejifunza kosa, Bi Brodersen. Na kosa ulilolijua hivi, ni kazi kweli kulitoa."

Ungemwambia tu, mwanamke! Sentensi moja ingetosha: marehemu mume wangu alikuwa akisimama hapa. Jaji alikuwa mtu mwema, angefuta miwani yake, angengoja. Ndilo hasa alilolikataa Heilwig. Angengoja kwa heshima, mikono magotini, kama watu wanavyosimama kimya kaburini huku wakifikiria chakula cha mchana. Kimya cha hisani hakukitaka. Alikitaka kile chao, cha kawaida, kilichokuja chenyewe. Na kwa kuwa hicho hakipatikani, na mtaa mzima umeshaalikwa, akapiga moyo konde akaanza kujitibu.

Alichukua kile kidude cha kugonga mapigo, ta-ta-ta-ta, akakiweka juu ya piano. Kila asubuhi baada ya chai alipiga pigo moja kabla ya mahali penyewe na pigo moja baada yake, polepole, kisha kwa kasi, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wagumu jedwali la kuzidisha. Kuachia kidole. Kuachia mguu. Kwenda. Alijichukia. Asubuhi ambayo hatimaye alipita pale bila kusimama, kidude kikagonga naye akagonga, wakaendelea pamoja kama askari wa gwaride, alifunika piano akaenda jikoni kumenya viazi, na machozi yakamtoka yakaingia kwenye sufuria.

Alhamisi ile jaji alifurahi mno. "Ona! Ona sasa! Hata mtunzi angekupa mkono!"

"Ndiyo," Heilwig alisema. "Chai yako inapoa, Bwana Thiessen."

Jumapili ya kwanza ya Majilio upepo ulivuma kutoka baharini ukaleta mvua ya mshazari. Majirani waliingia wakikung'uta makoti, wakajaza viti, wakajaza ngazi ya nyumba, wengine wakakaa kwenye zulia. Wiebke alikuja kutoka Hamburg, akawasha mshumaa wa kwanza kwenye shada la misonobari. Tomma alishika kiti chake kile kile karibu na keki, gauni la bluu, kifaa chake cha kumsaidia kusikia kimepandishwa mpaka mwisho kikipiga miluzi.

"Tomma, kipunguze, kinaimba kuliko piano!"

"Kinajiandaa," Tomma alijibu.

Walipiga Harusi ya Jirani. Watu walipiga makofi, wakatazamana: kumbe ni nzuri hivi? Walipiga Mvua ya Jumatatu. Ndipo jaji akaweka Ngazi juu ya kibao, na Heilwig akasikia viti vyote nyuma yake vikilia kwa pamoja. Watu walikuwa wakisogea mbele.

Hakulifikiria hilo. Katika kuhesabu kwake kote na kidude chake, hakufikiria kwamba na wao wanakuja kungoja.

Ukurasa wa kwanza ukapita. Mteremko ukafika. Kwa pembe ya jicho alimwona Tomma amenyoosha shingo, kifua kimejaa pumzi, mdomo umeshafunguka. Na mikono ya Heilwig, iliyofunzwa ikafunzika, ikaachia kidole, ikaachia pedali, ikapita. Jaji akapanda ngazi, safi, kidato kwa kidato, mpaka juu. Lilikuwa jambo la kupendeza kabisa. Tomma akabaki na neno lake mdomoni. Akaufunga mdomo polepole, akatazama chini, kwenye sahani yake.

Hakuna aliyekohoa. Mapigo machache yakaenda, kisha Heilwig akainua mikono.

Jaji aliendelea kidogo peke yake huko juu kabla ya kugundua kwamba chini hakuna mtu. Akasimama.

"Bi Brodersen? Unajisikia vibaya?"

"Tumepita mahali."

"Hatujapita popote," alinong'ona. "Tulikuwa sawa kabisa!"

"Ndiyo, tulikuwa sawa. Turudi mwanzo wa ukurasa."

Jaji alimtazama usoni. Alikuwa ametazama nyuso nyingi katika kazi yake. Akatazama viti vilivyosogezwa, akamtazama yule mama mwenye gauni la bluu, na hakuuliza zaidi. Akarudisha mikono.

Wakateremka tena. Heilwig akafika, na safari hii hakuhesabu. Mguu ukabaki, kidole kikabaki, sauti ikaning'inia sebuleni. Jaji alisimama pamoja naye, mikono juu ya vitufe bila kuvigusa.

Basi akangoja. Hiki hapa, kimya chenyewe, chenye wimbo nyuma yake na ngazi mbele yake, na watu wote wamo. Akaisikilizia ile pumzi. Akasikia mvua kwenye kioo. Akasikia mshumaa ukitoa cheche, na mtu akitua kijiko kwenye sahani kwa uangalifu. Akasikia Wiebke akivuta kamasi. Alikaza masikio kama hajawahi kuyakaza, kidole gumba kikiwa kimekaza kitufe, mgongo wa kidole hicho ukiwa uchi, ukiungoja ule uzito. Alingoja zaidi ya walivyowahi kungojana. Sauti ikapungua, ikapungua, ikaisha.

Hakuja. Hakuwemo. Kimya kilikuwa kitupu kama chumba kilichohamwa, na alikuwa amekibeba mwaka na zaidi bila kukifungua.

"Haya, Detlev," alisema Tomma. Sauti yake ilikuwa imepasuka, na hakuna aliyecheka.

Heilwig akainua kidole. Jaji Thiessen akapanda.

Baadaye, watu walipokuwa wamesimama na kahawa yenye ramu iliyofichwa chini ya malai, kila mtu akizungumza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, jaji alimsogelea kando ya piano.

"Nilikuwa nimekalia kiti cha mtu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia, Bi Brodersen."

"Ungesimama kwa adabu."

Jaji akafikiri. "Ningesimama kwa adabu," akakiri.

Heilwig alikuwa amemzidi umri kwa miaka michache, kwa hiyo ilikuwa juu yake kutangulia kutoa jina la kwanza, na kule kwao jina hilo halitolewi ovyo; kuna majirani wanazikana bado wanaitana Bwana na Bibi. Akakamata kikombe chake kwa mikono miwili. "Naitwa Heilwig," alisema.

Jaji akainamisha kichwa. "Ansgar."

"Ansgar?" Tomma alidakia kutoka kwenye keki, macho bado mekundu. "Mimi nimekuita Detlev na umeitika!"

Hapo ndipo watu walipopata nafasi ya kucheka, na walicheka mpaka shada la misonobari likatikisika. Heilwig alicheka pia. Alihisi njaa, kitu ambacho hakukitarajia, akala vipande viwili vya keki, na haikuwa kavu.

Walipoondoka wote, giza la saa kumi na moja la majira yale lilikuwa limeshashika madirisha. Wiebke alikuwa jikoni, vikombe vikigongana ndani ya maji. Heilwig alizima mshumaa, akasawazisha viti. Ngazi ilikuwa bado kwenye kibao cha piano, imefunuliwa pale pale. Akakaa. Alipokwisha kukaa aliona kwamba amekaa kulia.

Maisha yake yote hakuwahi kukaa upande huo. Kutoka pale chumba kilikuwa kingine. Mlango ulionekana, na picha ya mama mkwe. Akasoma mstari wa juu, mstari wa Detlev, kwa macho ya mtu anayesoma barua ya mwenzake. Alitaka tu kuona ni nini kilichomshinda hapo miaka yote. Weusi ule. Ugumu upi huo wa kumsimamisha mtu mzima?

Akatafuta nota ya kwanza ya kupanda. Ilikuwa ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Akakipeleka kidole chake mpaka juu ya kitufe chake, na hapo hapo akakijua kile kitufe. Alikijua kuliko kitufe chochote cha piano ile. Kilikuwa chake. Ndicho alichokikalia na kidole gumba, kila mwaka, akimngoja Detlev aanze.

Akainamia karatasi, akalinganisha mstari wa juu na wa chini: kitufe kimoja.

Kumbe Detlev hakuwa akiiogopa ngazi. Au pengine aliiogopa pia, alivyomjua. Lakini hakuwa na pa kuanzia. Alifika, akakuta kidole cha mkewe mlangoni, akaweka chake juu yake, akangoja aondoe. Na mkewe hakuondoa, kwa kuwa alikuwa akimngoja yeye. Ile fff haikuwa ya mtu anayejitosa majini. Ilikuwa kubisha hodi. Ndipo kidole cha Heilwig kilipoinuka bila yeye mwenyewe kujua, ndipo Detlev alipopita. Wameegeshana vidole hivyo mbele ya mtaa mzima, kila mmoja akimvumilia mwenziwe, kila mmoja akiamini yeye ndiye mwenye subira.

Na kwa nini hakusema? Mtu aliyesema kila kitu, aliyesimulia habari za vibofu vya ng'ombe mezani! Neno moja tu, Heili, toa kidole. Je, alidhani ndivyo ilivyoandikwa? Au alipapenda pale? Nani kati yao alianza kumngoja mwenzake, mwaka ule wa kwanza? Alitamani kumwuliza. Alitamani vibaya sana, mpaka akageuka kushoto, na kushoto kwake benchi lilikuwa wazi.

"Mama!" Wiebke aliita kutoka jikoni. "Mbona umefunua piano halafu kimya? Si upige basi!"

Kitufe kilikuwa mbele yake, hakuna aliyekikalia. Heilwig akavuta pumzi kwa pua, akakibonyeza.